Kamba ya Baba

Kaka yangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie hapo sebuleni kwa mama, ukiwa na mfuko wako wa kazi miguuni. Mgongo unaendeleaje? Wifi na watoto hawajambo? Mimi ni mzima. Hali ya mama unaiona mwenyewe, na ukimkuta anasugua sufuria ambayo tayari ni safi, ujue anakuogopa.

Najua unashangaa. Umefungua mfuko utoe kamba ya baba, umekuta kamba mpya ya bluu na barua yangu. Soma kwanza, Kaka, hasira baadaye.

Siku zote unanitania kwamba nalipwa kwa kuharibu vitu vya watu, ukanibandika jina la Mvuta Kamba. Sawa, lakini hujawahi kuja kuniona kazini. Chumba chetu cha maabara ni kimya, na dirisha lake linatazama ukuta tu. Mashine ina taya mbili, ya juu na ya chini, na kamba naibana katikati yake. Pembeni kuna kioo kidogo chenye mwanga wa kijani, na chini yake vitufe; cha namba tano kimefutika kwa vidole vyangu. Naandika unene, naandika urefu, kisha kioo huniuliza kama niko tayari. Kinaweza kuuliza kutwa nzima bila kuchoka, mpaka nibonyeze kukubali.

Nikibonyeza, namba huanza kupanda, nami akili yangu husafiri. Kila namba naiona kama ghorofa. Namwona baba ananing'inia na ndoo yake ya rangi, anapiga mbinja, mawingu yanapita ndani ya madirisha nyuma ya brashi yake. Ananipungia mkono. Kisha kamba inakatika, paa! nami nashtuka, wenzangu wanacheka. Kioo hakirudi kwenye sifuri. Kinabaki na namba ya juu kabisa ambayo kamba iliweza kuvumilia.

Mara ngapi nimekuomba uibadilishe kamba ile? Ulinijibu kwamba haikumwangusha baba mpaka akafia kitandani kwake, basi haitakuangusha wewe. Mama akasema sikio la kufa halisikii dawa. Ukacheka, ukaomba chai nyingine.

Ulipouacha mfuko huu hapa ukaenda mapumzikoni, niliitoa kamba nikaipapasa yote, polepole. Katikati nikakuta sehemu ngumu, imekauka kama mkate wa juzi. Kwa macho huoni kitu. Nikakumbuka ile asidi mnayooshea kuta kabla ya kupaka rangi, nikahofia kwamba imeila kwa ndani.

Sasa nikwambie ukweli. Mashine yangu haipimi kamba bila kuiharibu. Ningekata kipande cha nchani usingejua kamwe, ila ncha haibebi mtu. Nilikata katikati, Kaka, pale penye ugumu. Mama alishika upande mmoja, akageuza uso. Na nilikata kabla ya kujua. Kama ingekuwa nzima, ningekuwa nimekuharibia bure kitu cha mwisho chenye jasho la baba.

Leo asubuhi nimekibana kipande kile. Kioo kikaniuliza kama niko tayari. Sikuwa tayari. Nilisimama pale mpaka mwenzangu akadhani mashine imekufa. Nikabonyeza. Namba zikaanza kupanda, nikakuona wewe badala ya baba, na kabla hujanipungia mkono, kamba ikakatika. Kilo tisini na sita. Wewe peke yako, bila ndoo, ni themanini na nane. Na mpya ya aina ile hupita elfu mbili!

Nililia mbele ya watu, sikuona haya. Nimekuja hapa kwa mama mchana nikauweka mfuko sawa, na sasa narudi kazini. Ninunie utakavyo, hata mwaka mzima. Mradi mtu wa kuninunia yupo.

Sasa chungulia dirishani. Vipande viwili vilivyobaki mama ameviunga, akavifunga uani, na mashati yako ya kazi yameanikwa pale. Anua yaliyokauka, uvae, uende kwenye jengo lako. Kamba ya baba bado inakushikia kitu.

Mbusu mama, mwambie aache sufuria za watu. Wasalimie wifi na watoto, na shangazi yao anawapenda.

Ni mimi mdogo wako,
Mvuta Kamba