Jumapili Kamalondo Iliposhangilia Hoki ya Barafu

Jumatatu. Baridi kali tangu alfajiri, vumbi jekundu linazunguka mbele ya duka, na mimi sina sauti.

Sina kabisa. Wateja wa samaki leo nawajibu kwa vidole. Mama mmoja ameniuliza kama nimefiwa, maana amesikia kwetu jana kulikuwa na makelele. Nimetikisa kichwa mpaka kitambaa kikaanguka. Wapi! Sijafiwa. Nimeshinda.

Ngoja niandike vizuri, maana siku kama ya jana haiji kila mwaka. Maneno ya watu wa kwetu nitayaacha kama yalivyotoka mdomoni, msomaji wa mbali anivumilie.

Asiyenijua: mimi ni Mama Régine, nauza samaki wa kugandishwa hapa Kamalondo, huku Katanga, na ninapenda hoki ya barafu. Ndiyo, ule mchezo wa watu wanaoteleza kwa viatu vya visu, wakigombania kisahani cheusi kwa fimbo. Ugonjwa huu niliupatia Kanada, mdogo wangu Fidèle alipopata mtoto wa kwanza. Mama yetu alikwisha kutangulia, kwa hiyo ilikuwa juu yangu mimi dada mkubwa, yaya kwa lugha ya kwetu, kwenda kumwogesha mtoto na kumkanda mzazi. Nilikaa huko msimu mzima wa baridi. Nje theluji, ndani mtoto mchanga, na kwenye televisheni hoki, hoki, hoki. Wiki za kwanza sikuelewa kitu. Baadaye nikawa ninamkanda mzazi huku shingo imegeukia televisheni, na wifi yangu analia: "Yaya, maji ni ya moto!"

Nilirudi nyumbani na ugonjwa huo, na sikupona.

Ni miaka minane sasa natazama peke yangu, simu mkononi, nyaya masikioni, kama mwanamke mwenye siri. Bao likiingia nauma kitambaa nisiamshe watoto. Kula peke yako unaweza, ukilazimika. Lakini kushangilia peke yako? Mwili unakataa.

Na shida yenyewe ni kwamba nimeolewa na mpira wa miguu. Papa Régine, bwana wangu, ndiye mwenyekiti wa section, yaani tawi la wafuasi wa timu yetu hapa mtaani. Kila mechi ikiisha, watu wanatoka nganda, yaani baa, ya Yaya Béa, wanasimama barabarani na bia zao, na kikao kinaanza. Papa Régine ndiye anayegawa neno. "Parole kwa fulani!" Bila parole husemi. Mmoja anachambua, mwingine anampinga, mate yanaruka, ni raha tupu. Sisi wanawake tunasimama mlangoni tunasikiliza. Hakuna aliyetukataza. Ni kwamba tu parole haijawahi kufika mlangoni.

Mimi nilitaka parole.

Si ya mpira wa miguu, wa kuuzungumzia wako wengi. Nilitaka nisimame pale barabarani niseme habari ya hoki, na watu wawe wameiona, na wanisikilize. Ni jambo dogo, najua. Lakini nimelitaka miaka minane, na kitu ukikitaka miaka minane si kidogo tena.

Basi jana nafasi ikajileta. Ulaya msimu wa mpira umekwisha, timu yetu ilikuwa imecheza Jumamosi, screen ya Yaya Béa haina kazi. Na jana hiyo hiyo jioni, kwa saa zetu, ilikuwa mechi ya mwisho ya fainali ya hoki ya wanawake, inaonyeshwa bure kwenye mtandao. Nikamfuata Yaya Béa anafuta meza.

"Jumapili moja tu," akasema. "Lakini bantu bakitoka, njo mwisho. Usiniletee tena ile mambo ya friji hapa."

Nyumbani Papa Régine akakunja uso. "Mama Régine, bantu ba section bote batakuwa kule. Usinipatishe haya."

"Haya gani?" nikamwambia. "Weye kila Jumapili unalia mbele yabo juu ya corner!"

Hakusema kama atakuja.

Kabla ya mechi niseme kwa nini nilichagua wanawake. Hoki ya wanaume siku hizi imenona mpaka inashindwa kutembea. Msimu ni mrefu mno, wanacheza na kucheza, na wakifika fainali nusu yao wanachechemea. Tiketi zimepanda hadi baba wa familia anatazama ukumbi kwa nje. Wenye timu wanazipeleka jangwani, kwa watu wasiojua theluji. Hilo silipingi hata kidogo, nami sikuzaliwa kwenye theluji, na barafu ikikubali jangwa itaikataaje Katanga? Kinachonikera ni Kanada. Wanazaa wachezaji kuliko wote, na kombe la wanaume hawajalibeba miaka na miaka. Sisi wa huku hatuhitaji kuelezwa jambo hilo. Shaba inachimbwa Kambove, waya tunaununua toka nje.

Halafu ngumi. Refa anasimama kando, anangoja watu wazima wamalize kupigana. Zamani nilipiga makofi, nakiri. Sasa kila ninapoona mchezaji mstaafu anahojiwa na anatafuta neno dogo tu, halipati, roho inaniuma na ninazima. Vichwa vile vilivyoharibiwa na ngumi vina watoto wanaovisubiri nyumbani.

Na mechi za msimu zinazoamuliwa kwa penalti? Hizo hata usinitumie. Ni kama kumaliza kesi ya shamba kwa kurusha sarafu.

Wanawake wameniponya. Wengi wao juzi juzi tu walikuwa walimu ama wauguzi mchana, mazoezi usiku, fimbo wanajinunulia. Leo wana ligi ya kulipwa, kumbi zinajaa, watoto wa kike wamevaa majina yao mgongoni. Wanacheza kama watu wanaokumbuka walikotoka. Mishahara bado midogo ukilinganisha na wanaume, wasitudanganye. Lakini mchezo wao uko hai.

Tuendelee. Niliunganisha simu na screen: timu moja nyekundu, nyingine kijani, na mimi wangu ni wekundu. Watu wakajaa, sitajidanganya, kwa ajili ya bia na kunicheka. Papa Régine alikuja. Alikaa nyuma kabisa, mikono kifuani, kiti amekigeuza nusu.

Dakika chache tu, Trésor, fundi cherehani jirani ya duka langu, akaanza. "Mama Régine, ile mupira iko wapi? Miye niko naona tu bantu banateleza."

"Usitafute kisahani. Tazama wachezaji. Kwenye banakimbilia bote, njo kwenye kiko."

Nikaongeza, kwa ujinga wangu, kwamba hii ni ya wanawake, haina fujo. Sijafunga mdomo, msichana wa kijani akambamiza wa kwetu mwekundu kwenye ukuta wa kioo mpaka nganda nzima ikasema "Eeeh!"

"Mama Régine!" Trésor akapiga meza. "Weye ulisema ni ba mama ba upole!"

Walicheka mpaka machozi. Lakini waliposogeza viti, walivisogeza mbele. Mimi niliona.

Adhabu wakaielewa haraka kuliko mimi nilivyoielewa Kanada. Mchezaji akikosa anafungiwa kando, timu yake inabaki pungufu. Wakakipa chumba kile jina hapo hapo: kasho, kama selo ya polisi. "Bamemutia kasho!" Baadaye mwekundu wetu mmoja naye akaingia kasho, tukabaki pungufu, na katika hali hiyo hiyo tukafunga bao. Sasa ligi hii ya wanawake ina sheria yake tamu kuliko zote: timu pungufu ikifunga, mfungwa wake anaachiliwa. Yule msichana akatoka anateleza, mikono juu.

"Anaenda wapi ule? Hajamaliza kifungo!" Trésor alikasirika kabisa.

Nikaeleza. Kisha Trésor huyo huyo akasimama juu ya kiti, chupa mkononi: "Grâce présidentielle!" Msamaha wa rais!

Jamani. Nganda ililipuka. Watu waligonga meza, wakaimba, mtu akacheza rumba na mlango wa friji. Kuanzia hapo hakuna aliyeniuliza kisahani kiko wapi.

Ila Papa Régine hakucheka. Nilikuwa namchungulia.

Wa kijani walirudisha, wakaongeza. Tukafika mwishoni mwa kipindi cha tatu, wekundu tuko nyuma kwa bao moja, saa inakimbia. Kocha akainua mkono. Na gardien wetu, yaani kipa, akaacha lango, akakimbia mbio zake zote kuelekea benchi.

Mimi nilijua. Lakini nilisahau niko na nani. Watu hawa wamekulia kwenye mpira wa miguu wa huku, na kwao gardien akiacha lango mechi ikiwa ukingoni, swali ni moja tu: amekula za nani?

"Bamemununua!" ilikuwa sauti ya Trésor. "Banduku, bamemununua gardien!"

Na hapo ndipo Papa Régine alipozungumza kwa mara ya kwanza jioni nzima. Alisimama. "Match imeuzwa! Miye niko président, siwezi kuikala nitazame bwizi. Twende!"

Watu wamezoea kumtii. Viti vikasukumwa, makoti yakachukuliwa. Nikamwona Yaya Béa anatoka nyuma ya kaunta, mkono ameunyoosha kwenye waya wa screen. Miaka minane yangu yote ilikuwa kwenye waya ule.

Sikufikiri. Nilipanda juu ya kreti ya bia na kupiga ukelele ulioniachia koo hili la leo. "Muikale! Hajanunuliwa! Anatoka juu mushambuliaji aingie! Muhesabu! Muhesabu ba rouge!"

Wakahesabu wekundu, wengine wamesimama, wengine mlangoni. Trésor akihesabu kwa kidole kama anayepima kitambaa.

"Beko sita," akasema taratibu. "Beko sita kwa tano."

"Na lango?" Papa Régine aliuliza. Mguu mmoja ulikuwa umeshatoka nje.

"Liko wazi."

"Na bakipokonywa?"

"Basi tumekufa."

Alinitazama. Mume wangu huyu si mtu wa kunitazama hivyo kwenye mambo ya mchezo. Kisha akaurudisha mguu ndani. "Béa, acha ule waya!"

Hakuna aliyekaa. Tulisimama wote, tumebanana mbele ya screen, jasho na baridi pamoja. Wa kijani walikipata kisahani, wakakirusha toka mbali kwenye lango letu tupu, kikapita pembeni, na mtu mmoja nyuma yangu alimwita mama yake mzazi. Wekundu wakakirudisha mbele. Fimbo, miguu, msongamano. Sekunde zinahesabika. Na ndani!

Sijui nieleze vipi. Niliinuliwa. Nilikuwa juu kwenye mikono ya watu wanaonunua samaki kwangu na kubishia uzito.

Fainali hazina ule upuuzi wa penalti: mnacheza muda wa nyongeza, bao la kwanza ndiyo mwisho. Nilipowaambia hivyo, nganda ikaingia ibada. Hata Yaya Béa aliacha kuuza. Na msichana wetu, yule yule wa grâce présidentielle, alikuta kisahani kimedunda mbele ya lango, akakisukuma tu, bila mbwembwe, kama anafagia makombo.

Bingwa! Papa Régine alimkumbatia Trésor kwanza, hilo sitalisahau hadi kaburini, halafu mimi. Shati lake limelowa bia, anapiga kelele sikioni mwangu: "Sita kwa tano! Sita kwa tano!"

Hakuna aliyewaambia watoke nje, walitoka wenyewe. Baridi ilikuwa inauma lakini duara lilijipanga barabarani kama siku zote, na mimi, kwa mazoea, nikabaki mlangoni. Papa Régine akakohoa. Akangoja watu wanyamaze.

"Parole kwa Mama Régine."

Nilitembea mpaka katikati. Nilisema yote: msimu mrefu, tiketi, ngumi na vichwa, Kanada na waya wa shaba, wauguzi waliofanya mazoezi usiku. Sauti ilikuwa inanikimbia lakini nilisema. Hakuna aliyecheka. Nikamalizia kwamba kocha alimtoa gardien kwa wakati wake kabisa, na kwamba mimi ningemtoa hata mapema zaidi.

"Parole!" Trésor aliinua mkono. "Miye napinga."

Alinipinga! Akasema kocha alibahatisha, kwamba kisahani kile kilichopita pembeni kingeingia, leo tungekuwa tunalia. Mwingine akamtetea kocha. Mwingine akataka gardien mwenyewe aulizwe. Na Papa Régine akaacha kazi yake ya mwenyekiti, akaingia kwenye duara, akasema mimi nina haraka, kwamba angengoja wekundu wakishike kisahani kwanza. Tulibishana hadi mlango wa nyumba.

Miaka minane sikuwahi kukosea kuhusu hoki, kwa sababu hapakuwa na mtu wa kuniambia nimekosea. Leo asubuhi Papa Régine, mkate mdomoni, amepanga vikombe sita upande huu na vitano upande ule, akaweka bakuli la sukari kuwa lango, na kunionyesha, pole pole, kwa heshima zote, jinsi nisivyojua ninachokisema.

Amekosea yeye. Vikombe nimeviacha mezani kama alivyovipanga, na jioni nitamwonyesha.