Lori la Mpakani Alilochagua Mjomba

Mama Pancras,

Nimewahi shuleni. Mihogo imo chunguni; tafadhali maji yatumike kwa uangalifu.

Kaka yako alifika asubuhi ulipokuwa kisimani. Nilimweleza kwamba Pancras, kwa kuwa amepata leseni, aendeshe gari la misheni Lulindi. Akacheka: “Shemeji, kwetu mtoto ni wa mjomba. Ataendesha lori la kuwapelekea chakula wapiganaji wa Msumbiji.” Barabara ile ina mabomu ya ardhini! Pancras akajibu tu, “Ndiyo, mjomba.” Mimi hakunitazama.

~~Asiondoke kabla sijarudi.~~ Mfungie chakula cha njiani. Shati lake nimelipiga pasi.

Muulize kaka yako, kwa heshima zote, kama yuko tayari kuwa utingo wa Pancras, akae naye ndani ya lori hilo.

Baba mtu tu