Jina Juu ya Mlango

Germantown, Maryland
2 Machi 2003

Mpendwa Shangazi Chelagat,

Pokea salamu zangu kutoka huku kwenye theluji. Mimi ni mzima, Mama anakohoa kidogo tu, na Baba ni mzima na bado hapokei simu zako.

Kuna jambo sijawahi kumwambia mtu yeyote. Kanisani Takoma Park, Baba anapoomba utoke kwenye nyumba ya pombe, kila mtu anadhani ninakubaliana naye kwa sababu ninanyamaza. Sikubaliani. Mimi hunyamaza kwa kila jambo, ndiyo maana hakuna aliyegundua.

Nieleze hiyo baa ilivyo. Nyumba kama hizo nimezisoma vitabuni, lakini vitabuni hakuna Mkalenjin jikoni.

Mwanao,
Chepkoech


Uingereza
19 Machi 2003

Chepkoech mwanangu,

Barua yako imenifurahisha mno. Mwambie mama yako anywe tangawizi. Mimi ni mzima, ila magoti yananisumbua kwa sababu ya ngazi.

Nyumba yenyewe ina miaka mia nne. Dari iko chini, na wageni wanaolala vyumba vya juu hujigonga kichwa asubuhi wakiamka. Chini kuna moto, bia na chakula changu. Wazee wa kijiji huja kunywa supu, kisha hukaa na glasi moja hadi jioni. Wengi wamefiwa na wake zao, nyumbani hakuna wa kuongea naye.

Sasa Abigail, mama anayeiendesha, anastaafu na anataka nishike nafasi yake. Hapa kuna desturi: jina la mwenye leseni huandikwa juu ya mlango, kila apitaye alisome. Langu ni Chelagat Kipngetich. Na Kipngetich ni babu yako, mzee wa kanisa aliyepinga pombe maisha yake yote. Siwezi kuliweka pale bila neno la kaka yangu. Akikataa, nitamwambia Abigail atafute mtu mwingine.

Simu hapokei. Niulizie wewe.

Shangazi yako,
Chelagat


Uingereza
6 Mei 2003

Chepkoech mwanangu,

Hamjambo huko? Kimya chako kimenitia wasiwasi. Labda ni mitihani.

Jana fundi wa rangi alikuja na ngazi yake. Nikampa chai, nikamrudisha. Akaniuliza, "Kwani jina lako mwenyewe hulijui?" Mimi nilicheka, Abigail hakucheka. Atangoja hadi mwisho wa mwezi, halafu atampa mtu mwingine.

Usijilazimishe. Najua baba yako anavyotisha akinyamaza.

Shangazi yako,
Chelagat


Germantown
18 Mei 2003

Mpendwa Shangazi,

Natumaini magoti yametulia. Sisi sote ni wazima, na kikohozi cha Mama kimekwisha.

Haikuwa mitihani. Niliogopa. Lakini leo, tukiwa garini kutoka kanisani, nilisema.

"Baba, Shangazi anaomba ruhusa yako."

"Ya nini? Si alishahamia kwa walevi?"

Nikamweleza habari ya mlango. Sauti yangu ilikuwa ndogo, ikabidi nirudie.

"Jina la Baba juu ya mapipa ya bia!" akasema. "Huyu hana haya kabisa."

"Hajaliandika. Fundi alikuja na rangi, akamrudisha. Anakungoja wewe."

Baba akazima redio. "Alimrudisha fundi?"

"Ndiyo."

"Chelagat? Huyu aliyepanda ndege bila kuniaga?"

"Ndiye huyo huyo," Mama akasema, pale mbele kando yake. "Leo amepiga hodi. Utamwacha kwenye mvua ya Uingereza mpaka lini, Baba Chepkoech?"

Baba aliendesha hadi kwetu, akaegesha, akabaki ameshika usukani.

"Mwambie atangulize jina lake," alisema mwishowe. "Kubwa. La Baba lifuate. Sitaki watu waseme mzee anauza bia."

"Sawa, Baba."

"Na bado nitamwombea. Sana."

Nilipanda chumbani kwangu, nikaandika majina yote mawili kwenye karatasi nyeupe, lako kubwa, la Babu likifuata, ili fundi aone yanavyotakiwa kukaa. Nikashuka, nikampa Baba. Aliitazama kwa muda mrefu, kisha akaikunja mwenyewe na kunirudishia. Nimeitia katika bahasha hii na kubandika stempu.

Mwanao,
Chepkoech