Avenue Yetu Imepanda Cheo

Jumatatu, tarehe 3, mwezi wa tatu

Kwa mutaa wetu wa Makiso muzima hakuna mutu wa bahati kama mimi. Niandike, nisisahau. Watu wanatoka Kinshasa na masanduku kutafuta kipande cha udongo kwa avenue yetu. Mimi nilizaliwa juu yake. Tangu lami ifike, étage, nyumba za ghorofa, zinaota kama uyoga. Ninalala, bei ya parcelle, kiwanja changu, inapanda. Ninaamuka, imepanda tena. Mama Zaina, mupangaji wangu, mutu wa Kindu, muuza makayabu, samaki wa chumvi, amenicheka: «Papa Dido, tajiri gani anaomba chumvi?» Nimejibu, tajiri mwenye akili. Akanipa chumvi, na samaki juu.

Jumatano, tarehe 5

Agent wa impôt, kodi ya serikali, amepita. Viatu vinang'aa. Avenue imepanda cheo, donc nyumba yangu ya udongo italipa impôt kama étage ya jirani. Nimemuuliza kama matobo ya bati zangu nayo yamepanda cheo. Hakucheka. Nisipolipa, parcelle inakamatwa. Jirani ni Patron, mutu wa dhahabu. Anataka uwanja wetu, aweke magari. Wapi! Nimeandika kwa ukuta: PARCELLE HII HAIUZWI. Herufi kubwa kama ng'ombe.

Jumamosi, tarehe 8

Mukutano wa avenue. Nyumba tatu zimeuzwa kwa siri, wenyewe wamelala ndani. Nimesimama. Mimi nikisema, watu wanaacha bia. Nimesema: mutu akiuza nyumba ya baba wakati ndugu zake iko ndani, tumuvalishe pneu ya gari shingoni, tumuchome kama mbuzi. Pilipili nitaleta mimi! Wamecheka mpaka machozi. Vijana wakaimba: pilipili, pilipili. Nilijisikia député, mubunge muzima.

Ijumaa, tarehe 14

Ni Faustin. Leki yangu, mudogo wangu wa tumbo moja, mutoto niliyebeba mugongoni. Papa alituachia parcelle sisi wawili. Amemuuzia Patron, ametia na sahihi yangu. Amekuja mwenyewe kuniambia. «Yaya, mukubwa wangu, impôt ingeichukua bure. Heri tupate kitu.»

Ngumi. Jino limeruka. Ameanguka, nimemupiga muguu kwa mbavu, tena, tena. Nilikuwa ninafurahi. Ni kweli, ninaandika. Mama Zaina amenivuta kwa mukaba: «Utamuua ju ya parcelle?» Amesema hivyo kwa kelele. Avenue nzima imesikia, na sababu wamejua.

Jumamosi, tarehe 15

Ninaandika na mukono wa kushoto.

Vijana wa avenue wamemukamata Faustin kwa kona, akitoka dispensaire kutibiwa mbavu. Nimesikia: pilipili, pilipili. Nimekimbia bila viatu. Jiwe lilikuwa limemufungua kichwa. Sikio linaning'inia. Pneu shingoni, petroli kwa shati. Nimelia kwamba ilikuwa masihara. Kijana mmoja, ule aliyecheka kuliko wote mukutanoni: «Bon, papa, na sisi tunacheka.»

Nimeanguka juu ya leki yangu. Nimemufunika. Fimbo zikanipata mimi. Mukono ulivunjika, nilisikia mulio. Nikasema muchome wawili, parcelle ni ya wawili. Kiberiti kilikuwa kimekwisha kutoka mufukoni. Mama Zaina akafika na ndoo ya maji ya kulowekea makayabu, akamwaga yote, kwa kijana, kwa kiberiti, kwetu. Polisi wakapiga risasi hewani, watu wakatawanyika. Sijapata kupenda harufu ya samaki namna ile.

Jumanne, tarehe 18

Watu wa Patron wamekuja na nyundo. Polisi nyuma yao. Walianza na ukuta wenye maandishi. Mama Zaina aliomba atoe vitu vyake kwanza. Walivunja paa yeye ndani. Mbao ilimupasua bega. Nimetupa matofali na mukono muzima. Sikupata hata mutu mumoja. Polisi amenipiga kitako cha bunduki kwa mudomo. Sasa mimi na Faustin tunafanana.

Saa sita nyumba haikuwepo.

Jumapili, tarehe 23

Lubunga, ng'ambo ya muto. Tumevuka na pirogue. Chumba kimoja kwa dada ya Mama Zaina. Yeye na bega lake amekwenda kutafuta samaki wa kuuza. Faustin analala kwa mukeka. Asubuhi nimemulisha uji. Hatukusema juu ya parcelle. Aliomba maji, nikampa.

Mvua ndogo.

Nimesoma nilichoandika juu ya bahati yangu. Ni uongo. Sikuwa na bahati. Lami ilipofika nilijua watatutoa. Nilikuwa ninaogopa.