Neno Nililomfasiria Mama

Baba,

Assalaam alaykum. Mama ametoka eda wiki iliyopita. Shangazi alimletea nguo mpya, majirani wakaja, wakala, wakaondoka. Sasa nyumba imetulia. Nimekaa kwenye meza yako, na madaftari ya watoto wa skuli yamerundikana mbele yangu tangu jana. Sijayagusa. Nimechoka, Baba. Nikilala naamka nimechoka vile vile.

Ilivyokuwa siku ile hukuiona, ulikuwa umelala tu, macho umefumba. Ngoja nikuhadithie.

Ilikuwa siku ya tatu tangu upatwe na kiharusi. Mama hakuwa ameondoka pale spitali hata mara moja. Alikuwa akikaa kwenye mkeka nje ya wodi, buibui lake limejaa vumbi, naye humtazama usoni kila anayetoka ndani. Asubuhi ile akapita daktari mgeni asiyejua Kiswahili. Muuguzi alikuwa kaitwa kwengine, nikabaki mimi, mwanao mwalimu wa Kiingereza. Daktari akakupima, akaandika, akaniambia: "He is stable for now."

Nikatoka nje. Mama akauliza, "Kasemaje?"

Nikamwambia, "Kasema kapata nafuu."

Sikumdanganya kwa makusudi, Baba. Wala siwezi kusema kwamba neno lile "stable" sikulijua. Nililijua. Lakini nilikuwa nimechoka kumwona pale chini, na neno lile lilisikika zuri, nikalipa uzuri zaidi ya ule liliokuwa nao. Na lile "for now" nikaliacha ndani ya wodi.

Mama akasema, "Alhamdulillahi." Akacheka kidogo, mara ya kwanza kwa siku tatu. Akasema basi ataenda nyumbani Gando mara moja, akoge, akupikie uji wa mchele, akuletee na shuka safi. Ukafariki kabla ya adhuhuri. Nilikuwa nimekushika mkono mimi. Mama alikuwa njiani anarudi, kikapu cha uji kimo mapajani mwake.

Baada ya hitima nililitoa kamusi lako, lile ulilolibandika plasta mgongoni, nikalitafuta neno. Pembeni mwake wameandikwa wenzake: "steady", "firm", "settled", "secure". Nikawasoma wote, mmoja mmoja. Nilikuwa namtafuta mmoja wao mwenye maana ya kupata nafuu. Hayumo; wote ni wa kutulia tu na kutotikisika. Mwenyewe ulitufundisha darasani kwamba maneno ni kama ndugu wa mama mmoja, sura moja lakini kila mtu na tabia yake. Ukatuambia, "Nyumba kubwa mwaweza kuiita large. Mwalimu Mkuu mwiteni great. Mkimwita large atawachapa." Darasa zima likacheka. Nami nilicheka, nikadhani nimeshafahamu.

Nikakumbuka pia meza hii. Mguu wake mmoja ulioza chini, ukakunja kipande cha boksi ukakitia chini, ukaitikisa, ukaniambia, "Now it is stable." Meza haikuwa imepona. Ilikuwa haitikisiki, basi, mpaka mtu aiegemee. Nilikuwa na miaka tisa na nilielewa. Ukubwani, mbele ya mama yangu, nikajifanya sielewi.

Miezi minne na siku kumi Mama alikaa ndani, nami kila siku nasema nitamwambia leo. Nikimwona na tasbihi yake nanyamaza. Na yeye kila anayekuja kumpa pole humwambia, "Alikuwa keshapata nafuu, ilikuwa ghafla tu." Kila akisema hivyo nainuka naenda jikoni.

Jumanne nilimkuta anakuna nazi. Nikakaa chini, nikasema, "Mama, siku ile daktari hakusema kuwa Baba kapata nafuu."

Mkono ukasimama. "Kasemaje?"

"Kasema 'stable'."

"Ndiyo nini?"

"Yuko vile vile. Hajazidiwa, wala hajapona. Na akasema kwa sasa."

Akalirudia polepole, kama anayelionja. "Yuko vile vile." Halafu akasema, "Kwa neno hilo nisingeondoka, Raya."

"Najua, Mama."

"Weye ulinambia kapata nafuu."

"Ndiyo."

Akaendelea kukuna, nazi ikamalizika naye anakuna tu, mpaka mbuzi ikawa inakwaruza kifuu. Tui la siku ile lilikuwa na vipande vyeusi. Tukala hivyo hivyo, kila mtu anatazama sahani yake. Kesho yake pia hatukuzungumza ila salamu.

Leo baada ya alasiri amekuja hapa mezani, akaniwekea kadi yake ya spitali juu ya madaftari. Macho yake yamekuwa na ukungu tangu ulipoondoka, na ameambiwa Jumatatu kuna madaktari wa macho kutoka nje. Akasema, "Twende sote. Lakini unambie alivyosema yeye. Usinitilie sukari. Hata likiwa baya, unambie."

Sijui kama kanisamehe. Sikumuuliza, na sidhani kama nina haki ya kuuliza sasa hivi. Ila kadi kaniletea mimi, na angeweza kumpelekea shangazi.

Kwako wewe naomba radhi, Baba. Ulikuwa na mke aliyekaa sakafuni siku tatu akikungojea, nami nikamwondoa saa uliyomhitaji.

Jumatatu nitakwenda naye. Nitakaa kati yake na daktari, na nitampa kila neno kwa uzito wake. Nisilolijua nitasema silijui, niombe nielezwe tena, hata kama daktari ana haraka. Akilia, nitakuwa naye hapo hapo.

Lala kwa amani, Baba. Leo ni Ijumaa, nakwenda kutia udhu nikusomee Yasini.

Mwanao,
Raya