Mikono ya Mama Haina Ukoma

Shamba la mkonge, Voi

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo, Mama. Natumaini maumivu ya magoti yamepungua na maharage ya huko Njukini yamepata maji. Mimi nakula na kulala, lakini moyo haujatulia tangu Jumatatu, nilipopata barua ya dada yangu Wakesho. Wakesho, soma polepole, na umwite Mjomba asikie mwenyewe.

Ameandika kwamba vidole vyako vina madoa meupe, majirani wanasema ni ukoma, na Mjomba ameshakata miti akujengee kibanda nyuma ya shamba, ukae peke yako. Mjomba, nakuheshimu, lakini weka panga chini. Aliyemtia Mama madoa hayo ni mimi.

Zile glavu nyeusi za mpira nilizokuletea Krismasi, Mama, ili maji ya mkonge yasikuwashe ukiparua nyuzi za vikapu, ndizo tunazovaa hapa kiwandani. Mimi zilinitoa rangi kabla yako. Ilianza katikati ya vidole, ikapanda. Mwakio wa Mwatate, tuliyekula naye sufuria moja miaka miwili, aliniletea sahani yangu peke yangu, akasema, "Usikasirike, ndugu yangu, mimi nina watoto." Nilikasirika, tena nililia. Kwa aibu nikawa sizivui glavu hata kanisani, kumbe ndivyo nilivyokuwa najiongezea. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Mwishowe nilikwenda kwa dresa wa zahanati. Aliniambia nifumbe macho, akanichoma sindano kwenye doa. Niliruka! Akacheka. "Mwenye ukoma hasikii hapo. Wewe umesikia vizuri sana." Kisha akanionyesha jinsi weupe ulivyokomea kwenye kifundo, pale glavu inapoishia, na akasema watu wengine watatu wa kiwanda chetu wako hivyo hivyo. Mpira huo umetiwa dawa ili usichakae upesi. Mkono ukitoka jasho, dawa inaingia kwenye ngozi na kuua kile kinachoipa rangi. Weupe huu hauambukizi mtu. Nikamwuliza rangi itarudi lini. Hapo hakucheka. Alisema labda itarudi kidogo, labda isirudi kabisa. Nami nina doa jingine kifuani, ambapo glavu haijagusa kamwe; anasema dawa ikishaingia mwilini huweza kutokea hata mbali na mikono.

Nisamehe, Mama. Nilitaka mikono yako ipumzike.

Zifukieni glavu hizo shimoni, wala msimpe mtu hata akiomba. Wakesho, chemsha sindano, Mama afumbe macho, umguse nayo kwenye doa Mjomba akiona. Akiruka, kibanda hicho kiwe cha kuku.

Nyapara amenipa ruhusa, na Jumamosi nitapanda treni ya Taveta. Nisalimieni Bibi, na shangazi wa Mboghoni, na mzee wa kanisa, ambaye Wakesho anasema bado anamshika Mama mkono kila Jumapili. Mjomba pia namsalimu sana. Haraka yake ilitokana na hofu, kama ya Mwakio.

Jumamosi pikeni ugali mmoja na muuweke kwenye sahani moja. Mimi na Mama tutanawa mbele yenu, tutaanza kula. Atakayetuamini naye atatia mkono.

Ni mimi mwanao, niliyekuletea zile glavu,

Mwadime