Kigong'ota Alipotusimamisha Njiani

Mama yetu,

Goti lilikukataza kuja, basi habari ndiyo inakufuata huko: kaka Ochieng amekubaliwa kwao Chebet! Ilibaki kidogo turudishwe njiani.

Baba mdogo wa Chebet alitupitisha kando ya msitu. Kabla hatujaona boma lao, kigong'ota akalia upande wa kushoto, na mzee akasimama. "Huyu akilia kushoto, sisi hatuongei mambo ya ndoa. Rudini, mtakuja siku ingine." Ochieng alinywea ndani ya suti yake mpya.

Shangazi wa Chebet, aliyebeba kibuyu cha mursik, maziwa yao ya mgando yenye mkaa, akainua mkono tunyamaze. "Sikizeni vizuri. Sauti ya kuonya msafiri ni ndefu. Hii ni ya kukatakata, anafukuza kitu kwa watoto wake." Tukaangalia juu. Nyoka wa kijani alikuwa anapanda mti kuelekea shimo la kiota! "Si mnaona? Huyo hana habari na sisi." Mzee akacheka mpaka kofia ikaanguka. Akagonga shina kwa fimbo, nyoka akateleza majanini, nasi tukaenda.

Tulikula ugali wa wimbi tukashiba. Mursik na mkaa wake ilimwachia Ochieng masharubu ya kijivu, na Chebet akamcheka mbele ya wazee wote.

Tulipokuwa tunaosha vyombo, Chebet aliniuliza kwa sauti ya chini atakuita nani akija kwetu. Nikamwambia, "Mwite Mama, kama sisi. Hatutakunyima."

Mungu akutunze,
Akinyi